DALILI YA MVUA SI MAWINGU PEKE YAKE

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi watalicheka, nalo ni kelele za vyura. Nawaomba wenzangu wacheke kwanza, wamalize, kisha wanisikilize.

Naandika haya katika mwezi wa Oktoba. Hapa Tabora hatujapata mvua ya maana tangu masika yalipokoma. Vumbi limetanda madirishani mwa mabweni, miembe imebeba maembe mabichi, na mbuga iliyo chini ya uwanja wa mpira imepasuka nyufa ambazo mkono huingia mpaka kiwiko. Usiku ni kimya. Lakini kila mwanafunzi aliyekaa hapa zaidi ya mwaka mmoja ajua ya kwamba kimya hiki hakitadumu. Siku moja, katika Novemba au mwanzo wa Desemba, mvua kubwa itanyesha, mbuga itashika maji, na usiku ule ule vyura wataanza. Wala hawataanza mmoja mmoja kwa adabu, kama wanafunzi wanaonyosha mikono darasani. Wataanza wote pamoja kama watu wa sokoni.

Mwezi uliopita Chama chetu cha Majadiliano kilijadili hoja isemayo ya kwamba mbuga ile ifukiwe kwa kifusi, ili tupate uwanja wa pili wa mpira, tulale usingizi, na tupunguze mbu. Hoja ilipita kwa kura nyingi. Nasikia maombi yatapelekwa kwa Mkuu wa Shule kabla ya muhula kwisha. Mimi nilikuwapo ukumbini. Msemaji mmoja aliposema, "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi, nami nikacheka pamoja nao. Nimekijutia kicheko kile tangu siku hiyo, kwa sababu nilikuwa na habari ya kusema, nikaona haya kuisema. Sasa naisema.

Kwetu ni upande wa Kigwa, katika wilaya ya Uyui. Mwaka nilipokuwa kidato cha pili nilirudi nyumbani baada ya mtihani wa Novemba, nikiwa nimejaa maarifa kama mtungi. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na jioni chura akalia karibu na kisima. Nikamwambia baba, "Baba, masika yameanza. Jirani zetu wengine wameshika majembe, sisi twangoja nini?"

Bibi, mama yake baba, alikuwa akipeta mchele uani. Akasema, "Mume wangu," maana ndivyo anavyoniita kwa utani, kama mabibi wote wafanyavyo kwa wajukuu, "huyo anayelia ni chura wa kisimani. Yeye maji anayo mwaka mzima. Hulia hata kwa umande. Ngoja wa mbugani."

Nilicheka. Nikasema hayo ni mambo ya kale, na ya kwamba sisi shuleni tunajifunza tabia ya nchi kwa vipimo. Baba, ambaye hakupata bahati ya kusoma mbele, na ambaye huona fahari kuwa na mtoto katika sekondari, alinisikiliza mimi akamwacha mama yake. Tukapanda mahindi, mbegu yote tuliyokuwa tumeinunua dukani. Mbegu zikaota vizuri. Kisha jua likawaka siku kumi na nane bila tone. Majani yakajikunja, yakawa ya kijivu, yakalala chini.

Baba akauza mbuzi wawili ili anunue mbegu nyingine. Mmoja wa mbuzi hao alikuwa amewekwa kwa ajili ya godoro na viatu vyangu vya kidato cha tatu. Baba hakusema neno. Bibi naye hakusema, "Si niliwaambia?" Ila usiku mmoja, katikati ya Desemba, baada ya mvua iliyonyesha tangu alasiri, aligonga mlango wangu akasema, "Amka usikilize." Nikatoka. Mbuga nzima ilikuwa ikilia, toka kichuguu cha mashariki mpaka kwenye miti ya magharibi, hata mtu asiweze kusema sauti yatoka wapi. Akasema, "Sasa panda." Kisha akarudi kulala. Mbegu ile ya pili ndiyo tuliyovuna.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi lilikuwa mbuzi wawili wa baba yangu.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Baiolojia nikamwuliza kama maneno ya bibi yana ukweli au ni bahati tu. Hakucheka. Alinieleza mambo ambayo yafaa kila mtu aliyepiga kura ukumbini ayajue.

Ngozi ya chura si kama yetu. Hupitisha maji, na kwa hiyo chura akikaa katika jua kavu hukauka na kufa. Ndiyo maana wakati wa kiangazi vyura wengi wa mbugani huchimba chini ya udongo, au hujificha katika nyufa na mashimo, wakalala huko miezi mingi bila kula. Mvua ikishuka mpaka walipo, huamka. Tena wanaolia ni madume tu. Dume hujaza hewa katika mfuko wa koo lake, akaita jike, na kila aina ina mlio wake ili jike asipotee. Yuko mdogo mwenye mistari mgongoni, ambaye mlio wake ni kama tone la maji liangukalo mtungini. Wako wa kwenye matete, wasiozidi ncha ya kidole gumba, wenye sauti kali kama filimbi. Yuko na yule atagaye mayai ndani ya povu jeupe juu ya tawi lililoinama juu ya maji, ili watoto wake wakianguliwa wadondoke majini.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Vyura wengi wa mbugani hutaga katika maji ya muda, kwa sababu maji ya muda hayana samaki wengi wa kula mayai. Lakini maji ya muda hukauka. Kwa hiyo chura wa namna hii hana nafasi ya kukawia. Maji yakituama tu, lazima aite usiku huo huo. Wala hawezi kuwahi kabla ya maji kutuama, maana ule udongo mweusi uliopasuka hunywa manyunyu ya kwanza yote kupitia nyufa zake. Mpaka ardhi ishibe ndipo maji yakae juu. Basi mbuga nzima ikilia, maana yake ni kwamba ardhi imekwisha kunywa ya kutosha. Chura wa kisimani hawezi kutuambia hayo, kwa kuwa kisima chake hakikauki. Ndivyo bibi yangu alivyosema, kwa maneno machache kuliko yangu.

Katika vitabu vya Ulaya twasoma ya kwamba huko vyura wakilia watu hufurahi, kwa sababu barafu imeyeyuka madimbwini na majira ya machipuko yameingia. Sisi hatuna barafu. Kiangazi chetu cha kutoka Mei mpaka Oktoba ndicho baridi yetu kali. Ndicho kinachofunga ardhi na kuwalaza viumbe. Mambo ni yale yale: huko chura angoja barafu iyeyuke, hapa angoja ufa uzibe.

Wala sisemi ya kwamba chura ni nabii. Chura hushuhudia yaliyokwisha kuwa. Hajui kama mwezi wa Januari utakuwa mkavu. Kwa hayo tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo kila mwaka hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba mpaka Aprili kwa mikoa kama huu wetu, na yafaa kila mzazi ausikilize katika redio. Lakini utabiri huo ni wa eneo kubwa. Hauwezi kumwambia baba yangu kama shamba lake, lililo chini ya kilima kile, limeshiba jana usiku. Bibi naye hategemei chura peke yake. Hutazama miti ya miombo inavyotoa majani mekundu kabla ya mvua, hutazama upepo, na hutazama kumbikumbi wanavyoruka. Mwenye mashahidi wengi hadanganyiki upesi.

Mashahidi hawa si wa leo. Mji wetu ulikua kwa sababu ya njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo pwani ikapita Ugogo, ikapenya pori kavu la Mgunda Mkali, ikafika Tura, Rubuga na Kigwa, kisha Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Katika njia hiyo yalipita meno ya ndovu, nguo na shanga, na kwa aibu kubwa ya historia walipita pia watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa kama kilo 30 begani. Lakini wapagazi wale walikuwa wakulima pia. Wengi wao walisafiri kiangazi, baada ya mavuno, na walitaka kuwa nyumbani wakati wa kulima. Katika nchi isiyokuwa na kalenda ukutani, mtu alijuaje ya kwamba safari imekwisha na jembe linamwita? Alijua kwa dalili hizi hizi.

Wageni waliojaribu kuyapuuza masika waliyajutia. Wazungu Burton na Speke walifika hapa Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakati ule ule ambao mbuga hungoja. Walipoondoka Desemba kwenda Ujiji walisafiri ndani ya masika, na mto Malagarasi waliuvuka kwa mitumbwi. Stanley, kabla ya kufika hapa mwaka 1871, alipita katika kinamasi cha Makata wakati wa mvua, akapoteza watu na wanyama wake wa mizigo. Livingstone alikaa Kwihara, jirani yetu kabisa, tangu Februari mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi. Alipowapata aliondoka, masika yakamkuta katika vinamasi vya Bangweulu, na huko akafa mwaka 1873. Nyumba yake ya Kwihara twaitembelea kila mwaka na darasa la Historia. Twatazama ramani ukutani, lakini hatutazami mbuga tunazozipita njiani.

Sasa nijibu hoja tatu za wenzangu, maana si haki kuwapinga bila kuwajibu.

Kwanza ni mbu. Hii ndiyo hoja yenye nguvu, wala siidharau. Malaria ni adui mkubwa wa mkoa huu, na katika bweni letu hakuna muhula ambao hatumpeleki mwenzetu zahanati. Sitasema uongo kwamba chura atawala mbu wote. Tena ni kweli kwamba maji ya mbuga na ya majaruba ya mpunga yaweza kuzaa mbu. Lakini mbu wa malaria apenda sana vidimbwi vidogo vyenye jua visivyo na wadudu wa kumla mtoto wake: shimo la matofali, nyayo za ng'ombe, alama ya tairi, maji yanayomwagika bombani. Hebu tuzunguke shule yetu. Nyuma ya jiko yako mashimo manne ya matofali ambayo hayakufukiwa tangu yalipochimbwa. Kifusi kile cha kufukia mbuga nzima, sehemu yake ndogo tu yatosha mashimo hayo. Tuanze huko, na kila mtu alale ndani ya chandarua chake badala ya kukifanya wavu wa goli.

Pili ni usingizi. Mimi ni wa kidato cha nne, na mtihani wetu wa taifa waanza Novemba. Kama yuko mtu mwenye haki ya kuwachukia vyura, ni mimi. Lakini nimelala hapa miaka mitatu ya masika, nami nasema usiku wa kwanza husumbua, usiku wa pili huzoeleka, na usiku wa tatu mtu hushtuka wakinyamaza. Redio ya bweni la tatu imeninyima usingizi zaidi ya chura yeyote, wala hakuna aliyetoa hoja ifukiwe.

Tatu ni uwanja wa mpira. Wenzangu, udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Milango ya goli tukiisimamisha Juni, itakuwa imeinama ifikapo Februari. Tena maji ya paa zote za shule hii huteremkia pale. Tukiipandisha mbuga kwa kifusi, maji hayatakwenda mbinguni. Yatarudi mabwenini, na vyoo vyetu viko njiani mwake. Na tukumbuke ya kwamba chini ya mbuga yetu wako mama zetu wa kijijini wanaolima mpunga katika majaruba. Maji yanayotoka kwetu polepole ndiyo yanayowafikia. Tukifukia, watapata mafuriko siku moja na ukame siku nyingine. Mchele tunaoula hapa Jumapili hununuliwa kwao.

Labda mtu atasema, "Vyura ni wengi, mbuga ni nyingi, moja yaharibu nini?" Ni kweli, mbuga ni nyingi. Maji ya mito yetu kama Igombe na Ugalla huenda Malagarasi, na eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi liliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, la kwanza katika nchi yetu. Lakini eneo kubwa hulishwa na vijito vidogo. Na tusisahau chura wa Kihansi, ambaye kila Mtanzania amesikia habari zake. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja la milima ya Udzungwa. Ni mdogo, wa rangi ya manjano, hatagi mayai bali huzaa watoto, na hakupatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu ya maporomoko yakapungua, na baadaye ukaja ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka porini. Umeme twauhitaji, hata taa ninayoandikia ni ya umeme. Lakini kumrudisha chura yule kulitaka watu wa Marekani wamlee miaka kumi katika bustani za wanyama, ndipo mwaka 2012 akaanza kurejeshwa korongoni kwake, palipokwisha kuwekwa mabomba ya kunyunyiza maji. Kufukia ni kazi ya siku chache. Kufukua ni kazi ya miaka.

Wazazi wetu nao nina neno kwao, kwa heshima. Wengi mnalima tumbaku. Mtu akisafisha bomba la kupulizia dawa katika kisima au kijito, dawa ile huingia katika ngozi ya chura kama maji yanavyoingia. Mwaka ambao mbuga itanyamaza ingawa imejaa, msiseme vyura wamehama. Ulizeni dawa imemwagwa wapi, kwa sababu watoto wenu huchota maji yale yale.

Basi naomba mambo matatu. La kwanza, maombi ya kufukia mbuga yasipelekwe mpaka hoja ijadiliwe tena, tena baada ya masika kuanza, na mtoa hoja akae usiku mmoja ukingoni mwa mbuga pamoja na mwalimu kabla ya kusema. La pili, mashimo ya matofali yafukiwe kwanza, na mifuko ya plastiki na makopo visitupwe mbugani. La tatu, wadogo zetu wa kidato cha kwanza mpaka cha tatu wafungue daftari. Darasa la Jiografia lina kipima mvua. Waandike kila siku mvua iliyonyesha, na waandike pia usiku ambao mbuga nzima ililia kwa mara ya kwanza. Wanafunzi wanaotoka Sikonge, Urambo, Nzega na Igunga wawaulize wazee wao dalili zao, nazo ziandikwe kabla wazee hawajatutoka. Baada ya miaka kumi shule hii itakuwa na kitabu ambacho hakuna anayekiuza.

Mimi sitakuwapo kukisoma, maana naondoka mwezi ujao. Kama masika yatawahi, huenda yakanikuta ndani ya chumba cha mtihani nikiwa nimeinamia karatasi. Vyura wakianza usiku ule, sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumelala kwa uchovu au tunasoma kwa hofu. Namwomba mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu, awaye yote, aamke aandike tarehe.

Ndimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne